Kijani cha uongo na nyekundu ya Nansio: kupima mtandao wa matawi matatu kwa Excel

Swali: Ninatunza kompyuta 38 za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Kompyuta 22 ziko ofisi kuu mjini, 9 ziko tawi la Igoma na 7 ziko Nansio, Ukerewe. Zamani kila asubuhi nilikuwa nikiandika amri ya ping kwa anwani moja moja, mpaka rafiki aliponipa makro ya Excel (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Excel) inayopima zote na kupaka seli rangi ya kijani au nyekundu. Shida ni mbili. Kwanza, baadhi ya kompyuta za hapa ofisini zinaonekana kijani ilhali nimezizima mwenyewe. Pili, wiki iliyopita kompyuta zote 7 za Nansio zilionekana nyekundu, nikapanda meli, na nilipofika nikakuta wenzangu wanahudumia wateja kama kawaida. Je, Excel haifai kwa kazi hii, au makro ndiyo mbovu?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kompyuta 38 Excel inatosha kabisa, na makro uliyoniambatishia nimeisoma mstari kwa mstari. Kosa lake ni moja, nalo ndilo lililozaa shida zako zote mbili: inauliza swali la ndiyo au hapana mahali ambapo mtandao una majibu matano au sita, kisha inakupakia rangi na kuitupa sababu. Ungeiona sababu, usingezidhania hai kompyuta ulizozizima, na nauli ya meli ungebaki nayo mfukoni.

Tuanze na kijani cha uongo. Amri ya ping ni hodi. Kompyuta yako hutuma pakiti ndogo, ambayo katika Windows hubeba baiti 32 za data, ikimwomba mwenye anwani aitikie. Mwenye anwani akiwapo, hurudisha baiti zile zile, na kompyuta yako huhesabu muda uliopita kati ya kubisha na kuitikiwa. Programu yenyewe iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, naye aliipa jina la mlio wa chombo kinachopima vilivyomo majini kwa mwangwi, njia ile ile ambayo watafiti wa samaki huitumia kukadiria wingi wa samaki katika Ziwa Victoria. Ila mwangwi wa majini na hodi ya mtandao vinatofautiana katika jambo moja linalokuhusu sana: hodi inaweza kuitikiwa na mtu mwingine. Ukibisha kwa mtu, jirani akachungulia dirishani na kukwambia kwamba mwenyewe hayupo, umejibiwa, lakini mwenye nyumba bado hayupo.

Hicho ndicho kinachotokea ofisini kwako. Zima kompyuta moja, kisha uipime kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yako, ambayo naona anwani yake ni 192.168.10.5. Utaona mstari usemao: Reply from 192.168.10.5: Destination host unreachable. Itazame vizuri anwani iliyomo katika mstari huo, kwa maana si ya kompyuta uliyoizima, ni ya kwako mwenyewe. Kompyuta yako imemtafuta mwenye anwani katika mtandao wa ndani, imemkosa, na sasa inakupa taarifa hiyo kwa mtindo wa jibu. Chini yake ping huandika kwamba pakiti zilizopotea ni 0, yaani asilimia 0 ya hasara. Makro ya rafiki yako inatafuta neno Reply katika maandishi hayo, inalikuta, na inapaka kijani. Hata ingehesabu asilimia ya hasara badala ya neno, bado ingedanganyika.

Wengi hurekebisha kasoro hii kwa kutafuta herufi TTL= badala ya neno Reply, kwa kuwa herufi hizo hutokea tu pale mwenye anwani anapoitikia mwenyewe. Marekebisho hayo ni sahihi, na kama hutaki kugusa kingine chochote, badilisha mstari huo mmoja na kijani cha uongo kitaondoka. Lakini bado utakuwa na ndiyo na hapana, na shida ya Nansio itabaki palepale. Mimi ningeacha kabisa kuchambua maandishi ya dirisha jeusi la amri (Command Prompt), nikaiuliza Windows yenyewe kupitia darasa lake linaloitwa Win32_PingStatus, ambalo hurudisha namba ya hali kwa kila hodi. Namba 0 maana yake mwenyewe ameitikia. Namba 11003 maana yake kompyuta haifikiki: kuna aliyetoa taarifa kwamba hayupo. Namba 11010 maana yake muda umekwisha bila sauti yoyote. Na iwapo umeandika jina badala ya anwani, na jina hilo halikupatikana, namba haiji kabisa, inakuja thamani tupu (Null), jambo ambalo huzivunja makro nyingi zilizoandikwa haraka.

Fungua faili lako, bonyeza Alt na F11, ongeza moduli mpya, kisha andika haya:

Function Hodi(ByVal anwani As String) As String
    Dim majibu As Object, jibu As Object
    Set majibu = GetObject("winmgmts:").ExecQuery( _
        "SELECT * FROM Win32_PingStatus WHERE Address='" & _
        anwani & "' AND Timeout=4000")
    For Each jibu In majibu
        If IsNull(jibu.StatusCode) Then
            Hodi = "JINA HALIPATIKANI"
        ElseIf jibu.StatusCode = 0 Then
            Hodi = CStr(jibu.ResponseTime)
        ElseIf jibu.StatusCode = 11003 Then
            Hodi = "HAIFIKIKI"
        ElseIf jibu.StatusCode = 11010 Then
            Hodi = "KIMYA"
        Else
            Hodi = "KOSA " & jibu.StatusCode
        End If
    Next jibu
End Function

Sub PimaWote()
    Dim r As Long, i As Long, m As Long
    Dim hali As String, sababu As String
    With Worksheets("Kompyuta")
        For r = 2 To .Cells(.Rows.Count, 3).End(xlUp).Row
            m = 0: sababu = ""
            .Cells(r, 6).ClearContents
            For i = 1 To 4
                hali = Hodi(Trim(.Cells(r, 3).Value))
                If IsNumeric(hali) Then
                    m = m + 1
                    .Cells(r, 6).Value = CLng(hali)
                Else
                    sababu = hali
                End If
                DoEvents
            Next i
            .Cells(r, 5).Value = m
            .Cells(r, 7).Value = sababu
            .Cells(r, 8).Value = Now
        Next r
    End With
End Sub

Laha iitwe Kompyuta. Safu A iwe ya jina la kompyuta, B ya tawi, C ya anwani, na D ya anwani ya ruta (kifaa kinachounganisha tawi na mitandao mingine) ambayo kompyuta hiyo inaipitia. Kuanzia E makro itajaza yenyewe: idadi ya hodi zilizoitikiwa kati ya 4, muda wa jibu la mwisho kwa milisekunde, sababu ya kutoitikiwa, na saa ya kupima.

Mstari mmoja katika makro hii ninakuomba usiuguse mpaka uelewe kazi yake, nao ni ule wenye Timeout=4000. Usipoandika chochote, Windows hungoja milisekunde 1000 tu, na mafundi wengi huipunguza hata zaidi ili kazi iende haraka. Lakini kompyuta inapomtafuta jirani wa mtandao wa ndani aliyezima, huuliza kwa takriban sekunde 3 kabla ya kukata tamaa na kutamka kwamba hafikiki. Ukiifunga subira yako kwenye sekunde 1, hutalisikia tamko hilo. Utaandikiwa KIMYA, na KIMYA si sawa na HAIFIKIKI. Katika mtandao wa ndani, HAIFIKIKI maana yake kadi ya mtandao haiitikii kabisa: kompyuta imezimwa, imelala, au kebo imechomoka. KIMYA katika mtandao huo huo wa ndani mara nyingi maana yake kompyuta iko hai, ila faiawali yake (kinga inayochuja mawasiliano yanayoingia) imekatazwa kuitikia hodi. Kwa fundi, tofauti hiyo ni kati ya kuinuka kitini kwenda kutazama kebo na kukaa palepale kubadilisha mpangilio. Subira ya sekunde 4 haikugharimu kitu kwa kompyuta zilizo hai, kwani hizo huitikia papo hapo. Kila iliyozimwa itakula sekunde 12 hivi kwa hodi zake 4. Asubuhi yenye kompyuta 5 zilizozimwa itakuchukua dakika moja.

Sasa twende Nansio. Kabla ya yote, jiulize swali ambalo hata mimi huliona la aibu kuliuliza: ulipopima, wenzako walikuwa wamefika kazini? Umeandika kwamba unapima saa 1:40 asubuhi ili uwahi meli ikibidi. Ikiwa tawi hufunguliwa saa 2:00, nyekundu zote saba zilikuwa kweli tupu, na ulichokosa ni safu ya saa tu.

Tuseme zilikuwa zimewashwa. Makro ya zamani inatuma hodi 1 tu kwa kila kompyuta, na hodi ya kwanza ya asubuhi ina mkosi wake. Pakiti ikifika kwenye ruta ya Nansio, ruta hiyo inahitaji kujua kadi ya mtandao inayomiliki anwani unayoitafuta. Kama haikumbuki, kwa sababu usiku kucha hapakuwa na mawasiliano na kumbukumbu yake imefutika, inalazimika kuuliza kwanza, na ruta nyingi huitupa ile pakiti iliyosababisha swali badala ya kuiweka kando ikingoja. Pakiti ya pili hupita bila tabu. Mtu anayepima kwa mkono huona hodi ya kwanza imepotea na tatu zimeitikiwa, hajali, anaendelea. Makro inayotuma moja huona ile iliyopotea peke yake, mara saba mfululizo, na kukwambia kwamba kisiwa kizima kimekufa. Hii ndiyo sababu nimeandika hodi 4.

Ipo sababu ya tatu, na hapa naona ziwa lenyewe lina sehemu yake. Umesema mawasiliano ya Nansio yanavuka maji kwa redio, yaani antena mbili zinazotazamana. Mawimbi ya redio yanayopita juu ya maji hufika kwa njia mbili: moja ni ya moja kwa moja, nyingine ni ile iliyogonga uso wa ziwa na kuruka kama mwanga kwenye kioo. Zikifika pamoja kwa mpangilio mzuri husaidiana. Zikifika kwa kupishana hufutana. Hewa iliyo juu ya maji nayo hubadilika kati ya usiku wenye utulivu na mchana wenye upepo, ikiyapinda mawimbi kwa namna tofauti, kwa hiyo kiungo kinachofanya kazi vizuri saa 5 asubuhi kinaweza kuyumba alfajiri bila mtu yeyote kugusa chochote. Kilichoyumba hakijakatika. Ukipima mara 4 utaona 2 au 3 kati ya 4, na namba hiyo ina maana kubwa kuliko rangi yoyote. Mimi niliwahi kuhudumia kiungo cha namna hiyo katika ofisi nyingine ya kando ya ziwa, na tulibishana na mtoa huduma kwa majuma mengi, kila mmoja akipima kwa wakati wake na kumwona mwenzake mwongo, mpaka tulipochapisha safu za E na H za siku 20 na kuona kwamba pakiti zilikuwa zikipotea kabla ya saa 3 asubuhi tu. Aliinua antena moja ili kubadilisha pembe ya mwangwi, na ubishi ukaisha.

Ili uzitenganishe sababu hizi bila kupanda meli, ongeza mistari mitatu juu ya orodha yako: ruta ya ofisi kuu, ruta ya Igoma na ruta ya Nansio. Kwa kila kompyuta, safu D ishike anwani ya ruta ya tawi lake. Kwa ruta yenyewe, D ishike anwani yake yenyewe. Kisha katika safu I, kuanzia mstari wa 2, weka fomula hii na uivute hadi chini:

=IF(E2>0,"IPO",IF(SUMIF(C:C,D2,E:E)=0,"NJIA IMEKATIKA",G2))

Fomula hii husema hivi: kompyuta ikiitikia hata mara moja, ipo, isipoitikia, kaitazame ruta yake kwanza, ruta nayo ikiwa kimya, usiilaumu kompyuta, kwani njia imekatika, ruta ikiwa hai, basi niambie sababu ya kompyuta yenyewe. Siku ile ya safari yako ungeona ama NJIA IMEKATIKA mara nane, ambayo hutatuliwa kwa simu kwa mtoa huduma, ama ruta hai na kompyuta saba kimya, ambayo pia hutatuliwa kwa simu, ila kwa mhasibu wa tawi, kumwomba atazame kama taa za swichi (kifaa kinachounganisha kebo za kompyuta za ofisi) zinawaka. Hakuna kati ya hizo inayohitaji tiketi. Rangi uziweke juu ya safu I kwa uumbizaji wa masharti (Conditional Formatting), na ninakushauri NJIA IMEKATIKA uipe rangi ya kijivu badala ya nyekundu, ili nyekundu ibaki kwa kompyuta yenye kosa lake yenyewe.

Ukipata nafasi, ongeza pia safu ya swichi. Sisi tuliozoea radi za ukanda huu wa ziwa tunajua kwamba mvua ya usiku mmoja inaweza kuunguza matundu machache ya swichi na kuyaacha mengine yakifanya kazi. Kompyuta nne nyekundu katika vyumba vinne tofauti hazina uhusiano wowote ukizitazama kwa majina. Ukizipanga kwa swichi, uhusiano unajionyesha.

Kuhusu faiawali, ambayo nimesema huleta KIMYA: Windows ikiuona mtandao kuwa ni wa umma, kwa kawaida hukataa hodi zote. Kompyuta mpakato iliyokwenda nyumbani na kurudi huwa na tabia hii. Hakikisha kwanza kwamba iko hai kwa kuandika arp -a katika dirisha jeusi la kompyuta yako mara baada ya kuipima. Ikiwa mko mtandao mmoja na anwani yake imetokea pamoja na namba ya kadi yake (MAC), basi ipo na imenyamaza kwa makusudi. Kisha, katika kompyuta hiyo, fungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi na uandike mstari huu mmoja:

netsh advfirewall firewall add rule name="Hodi" protocol=icmpv4:8,any dir=in action=allow remoteip=192.168.10.5

Ile remoteip mwishoni inaruhusu hodi kutoka kwenye kompyuta yako peke yake. Usizime faiawali nzima ili seli igeuke kijani. Nimeyaona hayo katika ofisi ya fedha, na waliofanya hivyo walikuwa wametatua tatizo la jedwali kwa kufungua mlango wa ghala.

Jambo jingine nimeliona katika orodha yako, nalo litakuumiza usipolirekebisha leo. Umeandika anwani kama 192.168.10.010 na 192.168.10.012, bila shaka kwa sababu Excel hupanga anwani kama maneno na kuiweka .10 kabla ya .2, ukaona sifuri inanyoosha mpangilio. Windows inaposoma namba ya anwani iliyoanza na sifuri, huihesabu kwa mfumo wa nane. Kwa hiyo 010 kwake ni 8, na 012 ni 10. Umekuwa ukibisha kwa kompyuta ya 8 na kuandika jibu katika mstari wa 10, na sehemu ya kijani chako cha uongo nadhani imetoka hapa. Jaribu mwenyewe kwa mkono uone ping itakavyoiandika anwani hiyo katika mstari wake wa kwanza. Ondoa sifuri hizo, na kama unataka mpangilio mzuri, weka safu ya pembeni yenye namba ya mwisho tu na upange kwa hiyo. Nafasi tupu zinazofuata anwani zilizonakiliwa nimezishughulikia kwa Trim.

Hata anwani iliyoandikwa sawasawa inaweza kuwa ya mtu mwingine. Ikiwa ruta inagawa anwani yenyewe kwa zamu, kompyuta ya keshia ikizimwa kwa siku kadhaa anwani yake inaweza kupewa simu ya mgeni, na simu hiyo itaitikia hodi kwa unyenyekevu wote. Ingia kwenye ruta ya kila tawi uifungie kila kompyuta anwani yake kwa kutumia namba ya kadi yake. Na anwani yoyote inayoanza na 169.254 usiiandike kabisa katika orodha. Hiyo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia, kwa hiyo ukiikuta, tatizo liko kwenye ruta au kebo.

Safu F, ya milisekunde, isikutishe. Ndani ya ofisi kwa kebo utaona 0 au 1, na hiyo 0 ni sifa njema kabisa, ingawa nimewahi kupigiwa simu usiku na msimamizi aliyeiona akadhani seva imekufa. Kwa Wi-Fi namba hupanda na kushuka. Ukipima seva iliyo Dar es Salaam, kumbuka kwamba mwanga ndani ya nyuzi za kioo (fibre) husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 1,100 kwenda na 1,100 kurudi haiwezi kamwe kuchukua chini ya milisekunde 11, na kwa kawaida huwa zaidi kwa sababu nyuzi hazipiti mstari ulionyooka na kila ruta njiani huongeza yake. Namba ikiruka ghafla hadi 500 na zaidi na kubaki hapo, uliza kama mtoa huduma amekuhamishia kwenye setilaiti ya kilomita 35,786 angani, maana kupanda na kushuka mara mbili peke yake hula karibu milisekunde 480.

Mpaka hapa tumepima kama mwenye nyumba yupo, hatujapima kama anafanya kazi. Seva ya mikopo inaweza kuitikia hodi vizuri huku programu ya hifadhidata ikiwa imelala. Kwa seva mbili tatu muhimu, pima pia tundu la huduma kwa PowerShell, kwa mfano Test-NetConnection 192.168.10.2 -Port 1433 ikiwa hifadhidata ni SQL Server, au 3306 ikiwa ni MySQL. Kwa kompyuta za kawaida usijisumbue.

Usiitumie Hodi kama fomula ndani ya seli, ingawa itakubali, kwa kuwa Excel itabisha upya pale tu anwani inapobadilika au inapolazimika kukokotoa faili zima, hivyo mara nyingi utasoma jibu la zamani, na inapobisha itaganda mikononi mwako. Weka kitufe kimoja kinachoita PimaWote. Faili ulihifadhi kwa aina ya xlsm. Tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka intanetini, kwa hiyo ukiwatumia wenzako kwa barua pepe watalazimika kufungua sifa za faili na kuliruhusu. Waambie walisome kwanza, kama nilivyoisoma mimi ile ya rafiki yako. Chama kikikua hadi kompyuta mia mbili na kuendelea, au ukitaka kupata ujumbe wa simu usiku, hama kabisa uende kwenye programu iliyoundwa kwa kazi hiyo, kama Zabbix au Nagios Core, ambazo hazidai ada ya leseni lakini zinadai seva na siku kadhaa za kujifunza.

Kesho asubuhi, kabla hujaiamini laha mpya, fanya majaribio matatu. Zima kompyuta moja ya ofisi kuu uipime: lazima iandike HAIFIKIKI. Chagua nyingine iliyo hai, izuie isiitikie hodi kupitia faiawali yake, uipime: lazima iandike KIMYA. Kisha mpigie mhasibu wa Nansio, mwombe achomoe umeme wa ruta kwa dakika tano kabla wateja hawajafika, nawe upime: mistari minane lazima igeuke kijivu. Jaribio la kwanza likikupa KIMYA, rudi kwenye Timeout uiongeze hadi 5000.